Siku Bibi Alipokisoma Kitabu cha Kabatini

Harufu ya karafuu ndiyo iliyotupokea. Zilitiwa kwenye visahani ndani ya kabati la kioo ili wadudu wasile karatasi, na chumba kizima cha maktaba ile kongwe, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, kilinukia kama sufuria ya pilau. Nilikuwa na miaka kumi, katika miaka ya tisini, na mwalimu alikuwa ametuleta kutoka shule yetu ya mtaa wa Tudor kuona vitabu adimu. Mkutubi, Bwana Mutua, mgeni mjini, alitufungulia kitabu cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono. Kadi yake ilisema: "Kiarabu. Hakijasomwa." Herufi nilizijua kutoka madrasa, lakini maneno hayakuniingia. Ila mwandiko wa namna ile niliuona kila siku kwenye vikaratasi vya bibi yangu.

"Bibi yangu ataweza kukisoma!" nikaropoka. Wenzangu wakacheka.

"Basi mlete," akasema Bwana Mutua.

Bibi hakutaka. Herufi za kizungu hakuzijua, na kila ofisi aliyoingia alitiwa wino kwenye kidole gumba, karani akiandika kuwa hajui kusoma. "Maktaba si mahali pangu, mjukuu wangu," alisema. Nikalia, nikasusa chakula, mpaka Jumamosi akavaa buibui lake tukaenda.

Alikisogeza kitabu dirishani. Midomo ikacheza kimyakimya. Ghafla bibi akaangua kicheko.

"Hiki si Kiarabu, mwanangu. Herufi tu ndizo za Kiarabu; haya ni maneno yetu, Kiswahili!" Akasoma kwa sauti: "Mwana akikohoa, twaa tangawizi, uiponde, utie asali…" Kilikuwa kitabu cha mama fulani, cha dawa na mapishi, alichomwandikia binti yake anayeolewa. Bwana Mutua aliandika mbiombio, akiomba, "Polepole, bi mkubwa, tafadhali." Mimi nilikuwa nikirukaruka.

Kisha Bwana Mutua akafuta neno "Kiarabu" kwenye kadi, akampa bibi kalamu aandike jina la msomaji. Bibi akaliandika kwa herufi zake, kuanzia kulia.

Siku hizi kurasa kama zile hupigwa picha, na wanangu huzikuza kwenye simu kwa vidole viwili. Huniuliza zasema nini. Huwasomea, tena haraka kuliko wanavyotarajia, kwa sababu tulipofika nyumbani Jumamosi ile, kabla hata hajavua buibui, bibi alinikalisha mkekani akaanza kunifundisha.