Kipande cha Nne

Mimi najalidi vitabu, na ubaya huu niliufanya kwa mikono yangu mwenyewe. Mke wangu ni karani wa masjala hospitalini, na alikuwa anasomea mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Alishafeli mara mbili. Hii ilikuwa ya mwisho, maana mwakani umri haumruhusu tena.

Watahiniwa walipangiwa riwaya moja ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, kurasa mia nane, habari za mji mdogo ambako watu hawana kazi ila kuchunguzana nani kamposa nani na nani anausubiri urithi wa nani. Nakala ilikuwa moja na wasomaji wawili: yeye na mfamasia wa pale pale hospitalini, naye akisomea mtihani huo huo. Nikakikata kitabu vipande sita, nikavishona kimoja kimoja. Wakapatana kila mmoja asome vitatu, na Jumamosi mchana wasimuliane. Mtu mwenye kazi na nyumba hamalizi kurasa mia nane.

Jumamosi hizo ziliniua. Mimi kibarazani napaka gundi, wao sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, wanacheka. Wanacheka nini? Eti kuna kasisi kakataliwa posa. Yule bwana shati limenyooka, kucha safi, naye humwita mke wangu "dada". Udada umetoka wapi, walinyonya ziwa moja? Nilimwonea wivu, sifichi. Roho iliniuma hata nikisikia kijiko kinagonga kikombe chake.

Wiki tano kabla ya mtihani mfamasia akaniletea kipande cha nne, kilichokuwa zamu yake, kurasa zimeachia. Nikamwambia njoo Jumatano. Jumatano nikamwambia gundi haijakauka. Mafundi tunajulikana kwa njoo kesho, hakushangaa. Lakini gundi ilikauka siku ile ile. Nilikiacha kwenye mashine ya kubania makusudi, nikitaka yule mtu afeli. Mara ya nne alikitazama pale kilipo, akanitazama mimi, akasema, "Haya, fundi." Hakurudi tena.

Wivu ulinipofusha nisione jambo la wazi kabisa: asichokisoma yeye, mke wangu hatasimuliwa.

Siku ya mtihani mke wangu alirudi mchana, akakaa na mkoba mapajani. Swali kubwa lilitoka kipande cha nne. Aliandika yale aliyosimuliwa, na nje ya chumba cha mtihani mfamasia akamwomba radhi: hakukisoma, alipomsimulia alibahatisha tu, uvivu wake. Chuo ndiyo basi tena, akaniambia. Akaanza kumlaani yule mtu, kwamba hataki kumwona mlangoni mwake mpaka kufa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaombea. Ningenyamaza tu, ningekuwa nimeshinda. Lakini alikuwa analia, na mimi simwezi akilia. Nikamwambia kipande kilikuwa kwangu, kizima, wiki zote tano, nilikizuia kwa wivu.

Akauweka mkoba chini.

"Yeye alijua?"

"Alijua."

"Akaona bora nimchukie yeye kuliko nikuchukie wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Mke wangu akafuta uso kwa kiganja, akasimama.

"Basi ulikuwa na haki ya kumwonea wivu," akasema.