Boflo ya Bei ya Serikali

Siku ya tatu ya msiba, bwana mmoja wa ofisi ya bei alivua viatu mlangoni, akatoa pole, kisha akatoa fomu. Mwoka mkate wetu wa Mtoni alikuwa amezikwa juzi yake tu. Mkewe yumo ndani, edani, na aliyetoka kumsikiliza mgeni ni binti yake, ambaye miaka yote alikanda unga na kuwasha tanuri pamoja na baba yake. Bwana akamwambia kwamba kibali cha tanuri kimekufa na mwenyewe. "Tia saini hapa kuwa utauza kwa bei iliyopangwa, kesho unaoka." Binti akauliza yeye huo unga atauziwa kwa bei iliyopangwa na nani. "Hilo si letu," akajibu bwana. "Sisi tunawalinda wanyonge." Nilikuwa nimesimama nyuma yao, mwanangu mdogo kiunoni, nikamuuliza wanyonge gani. "Kama wewe, bibi." Basi, wasomaji wangu, subira yangu ya miaka ikanitoka palepale, ndani ya nyumba ya msiba. "Mie hujaniuliza," nikamwambia. "Na huyo mnyonge wako ana njaa. Vaa viatu."

Marehemu hakuwa jamaa yangu. Nilikuwa mteja wake na, kwa siku moja mbaya, adui yake. Ukoo wake zamani ulikuwa na mashamba; yeye alibakiwa na tanuri moja na maneno mengi. Mlangoni alitundika ubao, na kila bei ya unga ilipobadilika alifuta ya jana kwa kitambaa akaandika ya leo, iwe juu, iwe chini. Asubuhi moja nikakuta boflo imepita bei ya serikali. Nikaona huyu mtu mzima anatunyonya. Nikarudi nyumbani nikaandika barua ya kumshitaki, kwa mwandiko niliofundishwa skuli, nikamwita mlanguzi. Ofisi ikafanya haraka ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo: faini, na tanuri likafungwa wiki nzima. Wiki hiyo nikanunua mkate Darajani, kwa bei halali. Mwanangu mkubwa akamaliza boflo yake, akanitazama. "Mama, hii ilikuwa ya kuonja?" Nikalazimika kununua ya pili, nayo kwa bei halali.

Tanuri lilipofunguliwa nikaenda, uso sina. "Shikamoo." "Marahaba, mwandishi." Kumbe ile barua alisomewa yote. "Una hati nzuri, mwanangu. Hata neno mlanguzi hukulikosea." Nikamwomba radhi. Akanipa boflo yake mkono wa kulia, na wa kushoto akanipa nyengine aliyoagiza Darajani asubuhi hiyo. Hapakuhitajika mizani. "Unga umepanda kwetu sote," akasema. "Mimi nimeandika ubaoni. Mwenzangu kaandika tumboni mwa mwanao. Yeye hapigwi faini, maana tumboni hakuna anayekwenda kusoma."

Tangu hapo nimekuwa nikibishana na kila anayeniambia kuwa bei ya amri ni huruma. Nilipokuwa skuli tulipanga foleni ya sukari na unga. Bei ilikuwa nzuri sana, imebandikwa ukutani. Sukari ndiyo haikuwepo. Baadaye tukaambiwa biashara imefunguliwa, na maduka yakajaa, kwa sababu mtu aliruhusiwa kuleta mzigo wake na kusema waziwazi anataka nini. Kazi ya serikali ipo tele. Ikague mizani. Imkamate anayechanganya unga na uchafu. Ikitaka kumsaidia maskini, imsaidie kwa fedha zake yenyewe, si kwa mfuko wa mwoka mkate. Lakini amri haisagi ngano. Bei iliyoandikwa mlangoni naweza kuikataa nikenda kwengine. Boflo inayopunguzwa kimyakimya nitaikataaje? Najua wapo watakaosema nimegeuka mtetezi wa wenye maduka. Mimi natetea kifungua kinywa cha wanangu, na kwa miaka hii yote aliyenisaidia kukilinda ni mzee mwenye ubao na chaki, niliyemshitaki.

Jana nilikwenda ofisini kwao. Karani akapiga barua yangu muhuri, akauliza kile kilichofungwa gazetini ni kitu gani. Nikamwambia asome mpaka mwisho. Hivi ndivyo nilivyoandika:

"Mimi niliyetia saini hapa chini ndiye niliyemshitaki kwenu marehemu mwoka mkate wa Mtoni. Nakiri kwamba nilikosea, na neno nililomwita nalifuta. Sasa nalalamikia amri yenu ya bei ya mkate. Naomba binti yake apewe kibali bila sharti la kuuza kwa bei hiyo, aandike bei yake ubaoni kama baba yake, na sisi wateja tuachiwe kuamua. Pia naomba msinitaje tena kuwa ndiye mnayemlinda, mpaka mtakaponiuliza. Naambatanisha boflo moja niliyoinunua leo Darajani kwa bei yenu halali. Tafadhali igaweni kwa wafanyakazi wote wa ofisi, ndiyo iwe chai yao ya asubuhi, kisha mnijibu kwa maandishi."