Nani Yumo Ndani ya Mabua

Nilimwambia mara tatu kwamba sitaki. Ile ndiyo siku yangu ya pekee ya kupumzika baada ya kupangiwa shifti zote za Krismasi, maana kazini kila mtu huona Mwislamu hana sherehe ya kukosa. Hata hivyo, saa sita mchana nilikuwa nimesimama kwenye korido ya flati za Tottenham, nimefunikwa mabua kuanzia utosini mpaka magotini kama paa la makuti, dufu mkononi, hasira zimenifika kooni.

Aliyeniponza ni mtoto wa bibi ninayemhudumia. Mtoto gani, mtu wa miaka hamsini na ushei! Kwao Ayalandi, siku inayofuata Krismasi watu hujificha nyuso kwa mabua, wakazunguka nyumba kwa nyumba na muziki na kindege cha bandia juu ya fimbo, na mwenye nyumba hutakiwa abahatishe nani ni nani. Bibi alipokuwa msichana alikuwa hakosei hata mmoja. Siku hizi kumbukumbu zimemtoka. Mwanawe akija Jumapili, humdhania fundi wa boila.

"Anijue mara moja tu," aliniambia. "Wewe amekuzoea, ukiwepo hataogopa."

Basi nikaja. Mabua yakanichoma shingo kupitia mtandio. Wenzake wawili, mmoja na kodiani yake, walichelewa karibu saa nzima, kisha wakaanza kubishana pale mlangoni waanze na wimbo upi, na wote wananuka bia. Nikawaambia pigeni wowote, bibi mwenyewe atalala. Dufu nalo nilipiga nilivyojua mimi, kimaulidi. Wakalalamika kwamba ninawaharakisha. Nikawaambia wakimbie.

Bibi alifurahi, lazima niseme. Alipiga makofi, mashavu yakamwiva. Muziki uliponyamaza akaninyooshea kidole mimi, wa kwanza kabisa. "Wewe ndiye wa uji wa asubuhi. Hivyo viatu vyako vya kulialia nimevichoka." Wale wawili wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu si mimi niliyetakiwa kujulikana.

Mwanawe akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi akamtazama, akamtazama tena, akayapapasa yale mabua. Tulingoja mpaka miguu ikaniuma. Mwisho mwenyewe akaivua kofia yake ya mabua, uso mtupu, machozi yanamtiririka, jambo ambalo halimo kabisa katika mchezo wao. Nilitaka kumzaba kofi kwa kujidhalilisha namna ile, na papo hapo nilitaka kumkumbatia.

Bibi akatoa leso kwenye mkono wa sweta, akamfuta taratibu, shavu hili, kisha hili.

"Huyu simjui," akaniambia. "Lakini mama yake akimwona hivi ataumia sana. Mkatie keki."