Injinia Roda, Aliyeacha Visima Akaandika Maombi

Tangu asubuhi nashika simu nikupigie, Roda, halafu nakumbuka jana tumekuzika Mkonze. Akili imegoma kabisa.

Wengi mnamjua kama mwandishi wa Maombi ya Nchi Kavu. Mimi nilimjua akiwa na kofia ngumu kichwani na tope hadi magotini. Injinia wa visima. Tulikuwa ofisi moja, mimi nikisoma miamba, yeye akisimamia mtambo.

Na sauti aliyokuwa nayo, jamani! Akisema "Zima mtambo!" hata mbuzi wa jirani wanasimama.

Site yetu ya mwisho pamoja ilikuwa kijiji kimoja upande wa Bahi. Tulichimba mpaka mabomba yakaisha. Vumbi tupu.

Tunafungasha vyombo, kina mama wakatuzunguka wakaanza kuimba. Roda akanivuta pembeni. "Mwaju, hawa wanashukuru nini? Si tumewakosesha maji?"

Akamfuata bibi aliyekuwa anaongoza. "Shikamoo bibi. Huu ni wimbo gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Si wimbo, ni maombi. Ya bibi yangu, Matika."

Akatusimulia. Enzi za Mjerumani askari walikuja wakamchukua mume wa Matika akajenge reli. Hakurudi tena. Kila asubuhi Matika alitoka nje ya nyumba yake ya tembe, akasema kwa Kigogo: "Mulungu, wewe unayejua njia ya maji chini ya ardhi, ijue na njia aliyopita mume wangu."

Hakuwahi kuona kanisa wala msikiti. Alilea watoto wake kwa maneno hayo, na watoto wakayarithi.

Njia nzima ya kurudi mjini Roda hakusema neno. Yule mtu wa kelele! Tulipofika ndipo akasema, "Mwaju, miaka yote natafuta njia za maji. Sijawahi kuongea na anayezijua."

Haikupita muda, aka-resign.

Bosi alidhani ni utani. "Injinia, unaacha kazi ya kudumu ukaandike maombi?"

"Ndiyo, bosi. Nikikaa zaidi hapa, wazee wanaoyakumbuka wataondoka nayo."

Mama yake alilia. "Nililima karanga ili usome hesabu, mwanangu. Sasa hii ndiyo nini?" Roda akamkumbatia tu. Akaacha nyumba aliyopanga mtaa wa Kikuyu hapa mjini, akarudi kwa mama yake Mkonze, na jioni akawa anamsomea alichoandika. Taratibu mama akaanza kumsahihisha Kigogo chake. Tukajua amekubali.

Alizunguka vijijini akitafuta jambo moja: watu wa nchi hii walimwambia Mungu nini wakati Mjerumani anatawala? Aliyebebeshwa mizigo ya jeshi. Aliyenyang'anywa ng'ombe. Aliyebatizwa wa kwanza ukoo mzima ukimshangaa.

Alifika hadi kwetu Kondoa. Baba yangu ni mtu wa swala tano, na mambo ya dini hafanyi mchezo. Alikaa na Roda barazani mchana kutwa, akampa dua aliyokuwa akiisoma babu yake mwanawe alipochukuliwa upagazi. Roda alipoondoka, Baba akaniambia, "Huyu binti anasikiliza kwa adabu. Mungu amfungulie."

Kitabu kikaisha. Nilimsindikiza kwa mchapishaji mmoja wa vitabu vya dini. Mzee alisifia kweli kweli, halafu akasema, "Ondoa tu sura ya Matika. Huyu hakuwa muumini. Ukiiondoa, tunachapa."

Roda akamtazama. "Mzee wangu, kwa heshima zote. Kila asubuhi yule mama alikuwa anaongea na nani?"

Mzee akazisukuma kurasa upande wa Roda.

Roda akachukua kurasa zake, akaaga vizuri, tukatoka. Nikamuuliza, "Sasa?" Akanijibu, "Sasa tunatafuta mwingine."

Akakataliwa tena. Na tena. Hakufuta hata mstari. Mpaka akatokea mchapishaji mdogo wa hapa hapa Dodoma, akakisoma chote, akasema, "Kitoke kama kilivyo."

Uzinduzi wa kitabu pale Makole! Aliyekuwepo anajua. Lori zima la watu kutoka kile kijiji cha Bahi. Bibi yetu wa ule wimbo na kitenge kipya, amekaa mbele kama malkia.

Roda alipolisoma jina la Matika, ukoo mzima ukasimama. Wajukuu, vitukuu, na wachanga mgongoni. Bibi akaomba kipaza sauti. "Bibi yangu alikufa akijua amesikiwa na Mulungu peke yake. Leo na nyie mmemsikia!"

Vigelegele, wacha kabisa! Roda analia, mimi nalia. Na yule mzee aliyekataa sura ile? Alikuja. Alipiga makofi akiwa amesimama, kisha akamfuata Roda, akampa mkono kwa mikono miwili.

Tangu siku ile kitabu kimesomwa makanisani, kimesomwa barazani kwa Baba. Mjane mmoja wa Manyoni alimpigia akasema, "Dada, nilikuwa nimeacha kuomba. Nimeanza tena." Roda alikata simu, akakaa chini sakafuni, akacheka kwa furaha.

Moyo ndio uliomchukua. Hospitalini alinishika mkono. "Mwaju, wasinililie kama mtu aliyekatizwa. Nilichotumwa nimekimaliza. Mwambie na mama."

Jana pale kaburini nilimwambia. Mama alijifunga kanga vizuri, akasimama wima mbele ya watu wote. "Mwanangu amemaliza kazi!"

Wakristo, Waislamu, mainjinia wa ofisini kwetu, wakulima wa Bahi, sote tukapiga vigelegele. Msibani! Sijawahi kuona mazishi ya namna hiyo.

Nenda, Injinia wangu. Nenda kichwa juu. Lala salama, Roda, wewe uliyemaliza.