Jirani wa Vidole Vyeusi

Zamani sisi watia rangi vitambaa tulichemsha majani ili maji yapate rangi. Miaka ya karibuni jirani yangu, mwalimu wa kemia, aliyachemsha ili maji yaipoteze. Aliyachuma kwenye ua wangu bila kuomba, akiyanusa kwanza kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Akishayachuja, aliyatia chumvi ya madini ya fedha, kisha akainua chupa dirishani akiibembeleza: "Bado, mama, bado." Maji yakigeuka hudhurungi kama chai, ndipo alipotabasamu: chembe za fedha zimezaliwa, ndogo hata jicho halizioni. Ukizimimina kwenye maji ya rangi na kuyaacha juani, rangi hufa. Vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Vyangu vilikuwa vya buluu, na marehemu mke wangu hakuacha kulalamika.

Mwanangu hutumia rangi za makopo, na maji ya karakana yake yalitiririka mtaroni mekundu kama ya machinjioni. Wakaguzi walimwonya kwamba wakiyakuta hivyo tena, wanaifunga. Mwalimu akaanza kuja kila jioni na chupa zake kuyatibu maji hayo. "Binti, utanimalizia ua," nikamtania. "Nitakuachia mizizi, babu," akajibu bila kuinua kichwa. Mara ya mwisho nilimwona siku wakaguzi walipoondoka wameridhika, kabla hajahamishiwa shule nyingine. Alikuwa amechuchumaa mtaroni peke yake. Alichota maji kwa glasi, akaniinulia juani, vidole vyeusi vimeizunguka. "Tazama, babu. Hakuna kitu." Nikatazama kwa makini. Kweli, hapakuwa na kitu.