Mtakatifu Ndani ya Kiti

Bibi wa miaka sabini na tano alifumua kiti cha gari la mwenyekiti wetu mchana kweupe, mbele ya watu thelathini, ndani ya kiwanda kilekile kilichounda gari hilo.

Akaingiza vidole, akatoa vitu viwili.

Cha kwanza watu walikipigia makofi.

Cha pili kilinipeleka chooni kutapika.

Naitwa Ornella Zubani. Nimezaliwa Lumezzane, milimani juu ya Brescia, mji ambao ukimkosa mtu anayekereza mabomba basi utampata anayetengeneza vijiko. Baba yangu, mzee Faustino, alikereza chuma miaka arobaini. Starehe yake ilikuwa moja tu. Gari la spoti la mwaka 1966, la kijivu, la viti viwili. Alilipata likiwa mzoga, akalifufua mwenyewe kwenye gereji chini ya nyumba yetu.

Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya magari ya zamani ya pale kwetu. Mwenyekiti alikuwa Gualtiero. Tulimwita Komendatore kwa sababu serikali iliwahi kumpa nishani, na ole wako usahau kumwita hivyo.

Jamani, yule mtu ananitia kinyaa mpaka leo.

Anatafuna mdomo wazi. Kokwa za zeituni anazitemea kiganjani, halafu anakupa mkono huohuo umsalimie. Ana leso moja ya kamasi, jasho na miwani, kwa mpangilio huo. Lakini gari lake haligusi bila glavu nyeupe. Binadamu unamshika na mate, chuma unakivalia glavu!

Sasa sikia.

Miaka mitatu kabla ya safari hii, Komendatore aliitisha kikao. Akasema amelikagua gari la baba na kukuta namba ya chesisi imegongwa upya.

"Gari la Faustino ni feki," akasema. "Inaniuma kusema, lakini klabu ina heshima yake."

Kwa watu wetu, kuambiwa gari lako feki ni kama kuambiwa mtoto si wako. Baba alisimama, kofia mkononi.

"Gari langu ni halali. Ndani ya kiti cha dereva kuna mtakatifu. Fumueni muone."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mtakatifu?" Komendatore akajipangusa machozi kwa ile leso. "Faustino, hapa si kanisani. Halafu mshono wa kiwandani haufumuliwi. Anayefumua mshono wa asili ni mchinjaji."

Hapo alikuwa amegusa amri kuu ya klabu. Kwetu unaweza kupiga rangi, unaweza kubadili injini, watu watanuna kisha watakusamehe. Ila uzi ulioshonwa na mafundi wa kiwanda hagusi mtu. Nimeona wanaume wazima wakikalia matobo, springi zinawachoma makalio, ili mradi uzi wa asili ubaki.

Kura zikapigwa. Baba akafutwa uanachama, picha yake ikashushwa ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa mezani na kitabu cha mihtasari, naandika.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa Bergamo, akalinunua gari kwa bei ya spea. Baba hakubishana. Alitaka tu lisiwepo machoni pake.

Pale baa ya parokia, alipokuwa akicheza karata kila siku baada ya chakula, wakambatiza jina. Mzee Feki.

"Mzee Feki, hizo karata zako za kweli au umezigonga upya?"

Akaacha kwenda. Miaka mitatu baba yangu alikaa dirishani jikoni, anatazama barabara. Mtu aliyekuwa akiimba akinyoa ndevu akawa hasemi zaidi ya "ndiyo" na "bado".

Mwaka mmoja baadaye Komendatore akatokea na gari jekundu la aina ileile.

"Urithi wa marehemu mjomba wangu wa Lugano," akatutangazia. "Tangu litoke kiwandani halijafunguliwa hata skrubu."

Na kila Jumapili alipita mtaani kwetu akikanyaga mafuta bila sababu.

Sasa mtaniuliza, wewe binti, klabu imemdhalilisha baba yako, kwa nini ulibaki? Nilijiambia nimebaki kulinda jina la familia. Uongo. Nilibaki kwa sababu ya safari, mialiko, na kuitwa "bibie katibu".

Basi, Jumamosi moja ya Mei tukaondoka. Magari kumi na tano, watu thelathini, kuelekea kiwandani, nje kidogo ya mji wa Modena. Jina la kiwanda silitaji. Jambo kubwa la siku hiyo lilikuwa cheti cha uhalisi. Kiwanda kingelikagua gari la Komendatore, kikiridhika kinatoa cheti, na hakuna anayeweza kukubishia tena hadi kiama.

Katibu hukaa na mwenyekiti, kwa hiyo nilipanda gari jekundu.

Kwa muda wa saa mbili na nusu nimebanwa na yule mtu. Alitafuna pipi za licorisi njia nzima, meno yakawa meusi, kila akicheka natandwa na harufu. Nikataka hewa. Mkono wangu ukashika mpini wa dirisha, ukauinua kidogo kwanza, kisha ukauzungusha. Dirisha likashuka.

"Umejuaje?" Komendatore akaniuliza ghafla. "Wote wanashindwa na hilo dirisha."

"Bahati," nikajibu.

Sikujiuliza tena. Mkono ulijua, kichwa kikakataa kuuliza.

Mchana tulikula karibu na kiwanda. Kule wanakaanga gnoko, maandazi ya chumvi, ndani ya mafuta ya nguruwe, unayala na nyama iliyokatwa nyembamba. Chakula kitamu, lakini si ukiwa umekaa mbele ya Komendatore. Mafuta yalimshuka kidevuni hadi kwenye tai, akayazoa kwa kidole, akakilamba.

"Ornella, mzee wetu hajambo?" akauliza meza nzima isikie. "Bado anasalia viti?"

Meza ikacheka. Na mimi nikatabasamu. Naandika hili ili mjue aina ya mtu anayewasimulia.

Saa nane tukaingia kiwandani. Mtunza kumbukumbu, dokta Savigni, mwanamama mkavu asiyependa utani, akafungua daftari la zamani. Namba ya chesisi ilikuwemo. Liliuzwa Lugano mwaka 1966. Komendatore akavimba kama chura.

"Bado viti," Savigni akasema. Akamwita bibi mmoja aliyekaa pembeni na kikapu chake cha nyuzi. "Huyu ni Desolina. Alishona viti hapa tangu akiwa msichana."

Desolina hakutumia miwani. Alipitisha vidole juu ya kiti cha dereva polepole, kama mtu anayemkagua mtoto homa.

"Hiki nilikishona mimi," akasema.

"Mmemsikia!" Komendatore akapaza sauti.

"Lakini hapa chini kuna mtu alifungua."



"Haiwezekani, mama," Komendatore akacheka. "Mjomba wangu hakuruhusu hata nzi atue."

"Mimi si mama yako. Mishono kumi na miwili hapa si yangu. Imefuata matundu yangu, ila imelalia upande wa pili. Aliyeshona alikuwa mwenye mashoto. Na alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu."

Marehemu mama yangu alikuwa mwenye mashoto. Nikajituliza, dunia ina wenye mashoto wengi.

"Kama kiti kilifunguliwa, cheti sitoi," Savigni akasema na kufunga daftari.

Komendatore akawa mwekundu kuliko gari.

"Kuna namna ya kujua kama ndani hakikuguswa," Desolina akasema. "Sisi wasichana wa chumba cha kushonea tulikuwa tunaficha picha ya San Geminiano, mtakatifu wa mji wetu, ndani ya kiti cha dereva. Nyuma unaandika jina lako na tarehe. Mabosi hawakujua. Picha ikiwemo, kiti ni kilekile."

Watu thelathini wakatazama sakafu.

Kila mmoja alikuwa amemkumbuka mzee mmoja aliyesimama na kofia mkononi. Hakuna aliyemtaja.

Mtu mwenye akili angeondoka na gari lake pale pale. Lakini tamaa ya cheti ilikuwa imempanda Komendatore kichwani. Aliona kitu kimoja tu: mtakatifu akitoka, amepona.

"Fumua," akasema.

"Mshono wa asili haufumuliwi," mdomo wangu ukaropoka.

"Nyamaza, Ornella! Mama, fumua, wote waone!"

Desolina akatoa kisu kidogo kikapuni. Akakata ile mishono kumi na miwili mmoja mmoja, akaingiza vidole kwenye sifongo, akatoa kikaratasi cha rangi ya chai. Askofu mwenye ndevu. Akakigeuza.

"Desolina, 14 Machi 1966," akasoma.

Makofi! Komendatore akamkumbatia Savigni kwa nguvu, akamwachia mafuta ya nguruwe begani.

"Ngojeni," Desolina akasema. "Kuna kingine."

Kikatoka kikadi chenye ukingo wa dhahabu. Picha ya kikombe na hostia. Kila familia kwetu huchapisha vikadi hivyo mtoto akipokea Komunyo, inavigawa kwa shangazi na majirani. Bibi akakisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Kumbukumbu ya Komunyo ya Kwanza ya Ornella Zubani. Lumezzane, 24 Mei 1981."

Akainua macho.

"Ornella Zubani ni nani?"

Nyuso zote zikanigeukia.

Ndipo nikakimbia. Gnoko, nyama, mvinyo, vyote vilitoka. Nilikuwa nimekaa saa mbili na nusu kwenye gari la baba yangu, pembeni ya mwizi wake, nimemshikia ramani!

Niliporudi, Komendatore alikuwa anafoka.

"Wamepanga! Huyu mwanamke alikuwa garini asubuhi, kakiingiza yeye!"

"Uzi niliokata ni mkuukuu, bwana," Desolina akasema. "Na huyu binti hana mikono ya kushona."

Savigni alikuwa amelala chini ya gari na tochi. Akatoka akijipangusa magoti. "Namba hii haikugongwa hapa kiwandani," akasema. "Gari la mjomba wako liko wapi?"

Hakujibiwa na Komendatore. Alijibiwa na mweka hazina wetu, mtu wake wa karibu kabisa.

"Liliungua," akasema akitazama viatu vyake. "Zamani. Zilibaki karatasi tu. Yule mtu wa Bergamo alitumwa na Komendatore, kisha likapakwa rangi nyekundu."

"Mimi nilihisi muda mrefu," mwingine akadakia.

"Hata mimi, lile dirisha la Faustino nilishalitambua."

"Mimi sikutaka tu kuvuruga amani."

Hapo kinyaa kilinipanda upya, kikazidi cha mara ya kwanza. Mwizi alikuwa mmoja. Waliohisi walikuwa ukumbi mzima, na wote walikuwa wamepiga kura.

Gari lilizuiwa palepale, na wanasheria wanaendelea nalo. Desolina alinikabidhi vile vikadi viwili. "Mpelekee aliyeshona," akasema. Nikamwambia amefariki. Akanishika shavu.

Nilirudi kwa treni, kisha basi la mlimani. Nilimkuta baba dirishani anamenya viazi. Nikaweka vikadi mezani. Akafuta mikono kwanza ndipo akavishika.

"Mama yako alikuwa anaziba tobo la springi, akamkuta huyu mzee," akasema. "Akasema mtakatifu asikae peke yake, akamwekea wewe."

"Baba, lile gari jekundu ni lako."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza alipopita hapa. Injini niliyoifunga bulti kwa bulti nisijue sauti yake?"

Nikajikuta nampandishia sauti. Miaka mitatu! Watu wanamwita Mzee Feki, yeye anamenya viazi!

"Sasa mbona hukusema?"

Baba akaweka kisu chini.

"Nilisema, mwanangu. Nilisema kikaoni. Wewe ndiye uliyekuwa na kalamu."

Nilipanda chumbani, nikafungua kitabu cha mihtasari. Ukurasa upo, mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka.

"Bw. Zubani alidai kuna mtakatifu kwenye kiti. (Kicheko.)"

Basi. Yale maneno yake mengine, "Fumueni muone," sikuyaandika. Niliona yanatia aibu. Lakini kicheko nilikiandika, tena nikakiwekea mabano.

Nimejiuzulu. Klabu ilimtumia baba barua ndefu ya kuomba radhi, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Baa ya parokia amerudi. Juzi nilimsikia akiimba huku ananyoa. Mimi ananijibu zaidi ya "ndiyo" na "bado", ila si kama zamani, na sina mdomo wa kulalamika.

Komendatore bado ananitia kinyaa. Lakini yeye namkwepa, navuka barabara. Yule wa kwenye kioo nanawa naye uso kila asubuhi.

Kwa hiyo ndugu zangu, siku ukimwona mzee wako amesimama mbele ya watu, wote wanamcheka, kabla hujacheka na wewe, omba kwanza kiti kifumuliwe.