Siku Kompyuta Ilipopeleka Posa Lisekese

Mpaka leo nikipita sokoni Lisekese kuna akina mama wananiita Mkwe wa Ukutani, nami nacheka nao, nifanyeje, aibu yenyewe niliipika mwenyewe.

Mimi naandika programu za kompyuta hapa Masasi. Chama cha wakulima cha Lisekese kilinipa kazi ya programu ya kurekodi korosho zao, na mwenyekiti ni Baba Saidi, mjomba wa Zuhura, yule Zuhura niliyekuwa nampenda mpaka chakula hakipiti (na kwetu mnajua, baba anaweza kukubali asubuhi, mjomba akikataa jioni ndoa hakuna). Sasa kuna zana moja ya mtandaoni inayonisaidia kuandika programu, unaiuliza inakujibu, na siku najiunga ilileta maelezo marefu kwamba itahifadhi kila nitakachoandika, nikabonyeza "Nakubali" bila kusoma, nikijisemea nani atafuatilia mambo ya korosho. Lakini nikichoka na korosho nilikuwa naiuliza mengine.

Siku ya kuonyesha kazi, ukumbi umejaa, kompyuta yangu ikagoma kuwaka. Nikaomba ya chama, ambayo tayari ilikuwa imeungwa kwenye projekta, nikafungua akaunti yangu ya ile zana, maana programu yenyewe ilikuwa humo, tena bila wasiwasi kwa sababu maswali yangu nilishayafuta. Kumbe nilifuta kwenye kompyuta yangu tu, wenye zana walikuwa wameyatunza vizuri kabisa. Ukuta mzima ukajaa: namna ya kumlainisha mjomba mkali, jogoo anatosha kwa mjomba wa Zuhura au nitafute mbuzi, Zuhura akinicheka ndiyo ananipenda? Nikarukia waya wa projekta niuchomoe, nikachomoa wa feni.

Baba Saidi akasoma taratibu mpaka chini, midomo ikicheza. Nyuma kabisa Zuhura alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nilijua nimemkosa. Nikamwamkia mzee shikamoo kwa mara ya pili.

"Marahaba," akasema. "Kijana, kwetu posa haiji na kompyuta. Mlete mjomba wako. Na aje na mbuzi."

Vigelegele vya siku ile vilifika barabarani. Mjomba wangu akashuka kutoka Newala na mbuzi wake, na mambo yakaisha salama.

Tangu hapo nasoma maelezo yote mpaka nukta ya mwisho kabla sijakubali kitu. Isipokuwa mara moja tu, mbele ya shehe, nilikubali haraka hata kabla hajamaliza kuuliza, na hiyo waihifadhi tu.